Jini na Matunda Nyumbani: Maswali Yenu Yamejibiwa

Barua nyingi za toleo hili zimelalia upande mmoja: jini, matunda, na glasi iliyotoka vingine kuliko ilivyotarajiwa. Tumechagua zenye hitilafu tofauti tofauti. Katika majibu yote kijiko cha mezani ni mililita 15, cha chai ni mililita 5, toti ni mililita 30 na kikombe ni mililita 250. Mzinga ni chupa ya mililita 750, kota ni ya 250. Jini tunayohesabia ni ya kileo cha asilimia 40. Chupa yako ikiandikwa 37.5, usihangaike, vipimo ni vilevile.

Hamjambo wahariri. Nilisaga maembe mawili na pasheni sita, nikajaza maji kwenye jagi la lita mbili, kisha nikamimina kota nzima ya jini juu. Waliopewa glasi za kwanza walilalamika kooni kunawaka. Waliopewa za mwisho waliuliza kama nimesahau pombe. Na wote walisema ni tamu ya kuchosha. Kipimo sahihi ni kipi?
*Msomaji wa Migosi, Kisumu*

Ndugu yetu, lawama ya kwanza inaenda kwa mwiko ambao haukutumika. Jini ni nyepesi kuliko juisi nzito yenye sukari, kwa hiyo ukiimimina mwisho bila kukoroga hadi chini, hukaa juu. Wa kwanza hunywa jini, wa mwisho hunywa embe. Jini hutangulia, juisi hufuata, na jagi hukorogwa kila linapomiminwa.

Utamu wa kuchosha ni jambo jingine. Embe bivu lina sukari nyingi na uchachu kidogo sana, na pasheni sita haziwezi kubeba lita mbili. Kinywaji cha matunda kisicho na uchachu wa kutosha hulegea mdomoni hata kama matunda ni bora kuliko yote sokoni Kibuye. Kinachokisimamisha ni ndimu, na kinachokipoza ni barafu. Maji ya bomba hayafanyi kazi hiyo. Yanapunguza ladha tu bila kuleta ubaridi.

Kwa glasi moja, chukua jini vijiko vitatu vya mezani (mililita 45), rojo la embe lililochujwa vijiko vitatu, juisi ya pasheni kijiko kimoja, juisi ya ndimu kijiko kimoja cha mezani na kimoja cha chai (mililita 20), na shira ya sukari kati ya vijiko viwili na vitatu vya chai. Vipimo vya jini na ndimu usivichezee. Shira ndiyo inayopanda na kushuka, kwa kuwa embe la Januari na embe la Mei si embe moja.

Shira ni gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji, moto hadi chembe zipotee, basi. Usiichemshe ikawa ya kaimati. Utapata kama mililita 320, na kwenye friji hukaa wiki tatu bila shida. Sukari ya kahawia inayouzwa kwingi huku kwenye ukanda wa miwa inafaa kwa embe na tangawizi, ila hugeuza kinywaji cha ndimu au stroberi kuwa na rangi ya chai. Kwa vinywaji hivyo tumia nyeupe. Usitie sukari kavu kwenye glasi baridi: haiyeyuki, inakaa chini, na wewe unazidi kuongeza ukidhani haitoshi.

Pasheni ikate katikati, kwangua, kisha sugua ute kwenye kichungi cha chai kwa mgongo wa kijiko. Ukipenda blenda, bonyeza mara mbili au tatu fupi fupi tu. Blenda ikiachwa inguruma, mbegu husagika, juisi huwa na vidoadoa vyeusi na uchungu ambao hakuna sukari inayouficha. Embe lenye nyuzi lisage kisha lipitishe kwenye kichungi hichohicho. Rojo lisilochujwa huziba kila kitu baadaye.

Sasa, kabla jini haijaingia, onja. Changanya embe, pasheni, ndimu na shira, uonje kwa kijiko. Mchanganyiko huo unapaswa kukuzidi kidogo, uchachu na utamu vyote viwili. Ukiwa mzuri wa kunywa hivyo hivyo, jini na maji ya barafu vitaupwaisha. Hapa ndipo wengi hukosea: huonja mwisho, wakati tayari ulimi umeshika kileo na hauwezi tena kupima ndimu.

Baada ya hapo tia jini, jaza chombo barafu hadi theluthi mbili, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Chombo kikishika ukungu kwa nje na vidole vikauma, acha. Barafu huongeza maji ya takriban robo ya ujazo wa awali, na maji hayo ni sehemu ya mapishi, yanalainisha ukali wa jini. Chuja kwenye glasi yenye barafu mpya. Kwa joto la mchana la Kisumu, toa barafu kwenye friza dakika ileile ya kutikisa. Iliyokwisha kulowa kwenye bakuli huyeyuka upesi na kukuachia uji.

Ikibaki tamu kupita kiasi, ongeza ndimu nusu kijiko cha chai kwa wakati. Ikiwa chachu, shira. Ikiwa vyote viko sawa lakini ladha imekaa bapa, chembe chache za chumvi, zile za kushikwa kwa ncha za vidole viwili, huamsha tunda.

Ndimu yangu nikiikamua asubuhi, jioni kinywaji huwa kichungu. Tatizo ni jini?
*Lurambi, Kakamega*

Jini haina hatia. Uchungu unatoka kwenye utando mweupe ulio chini ya ganda na kwenye mbegu. Kama unasaga ndimu nzima, au unaiminya hadi ganda linapinduka, umeukamua pamoja na juisi. Ivingirishe mezani kwa kiganja kwanza ili ilegee, kamua mara moja kwa nguvu ya wastani, chuja. Juisi ya ndimu pia hupoteza uchangamfu baada ya saa chache hata ikiwa kwenye friji, kwa hiyo kamua alasiri. Ndimu ndogo hutoa kama kijiko kimoja cha mezani.

Dada zangu wahariri, tuna sherehe ya mahafali, wageni watu wazima 16. Nataka kinywaji cha nanasi na jini cha kuchota kwenye beseni. Ninunue jini ngapi? Mwaka jana kwa jirani kilianza vizuri na baada ya saa moja kikawa maji.
*Lanet, Nakuru*

Dada, anza na hesabu ya glasi. Wageni 16, glasi mbili za mililita 200 kila mmoja, ni lita 6.4. Kwa ujazo huo mizinga miwili inatosha.

Jini lita 1.5. Juisi ya nanasi lita 2, ambayo ni mananasi matatu hadi manne ya wastani. Juisi ya machungwa lita 1, kama machungwa 14. Ya kwetu hubaki na ganda la kijani hata yakiwa yameiva, usiyakatae kwa rangi, pima uzito mkononi. Ndimu mililita 300, yaani kama 20. Shira mililita 300, lakini tia 200 kwanza uonje. Soda ya ndimu chungu, kama Krest, lita 1.5. Jumla ni lita 6.6, na kileo ni kama asilimia 9 kabla ya barafu kuyeyuka.

Linganisha: glasi moja ya hicho ina kileo cha mililita 18 hivi. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kwa hiyo glasi ni karibu chupa ya bia, tofauti yake ni kwamba bia humchukua mtu nusu saa na nanasi baridi humchukua dakika tano. Waambie wageni hivyo, hasa wenye funguo za gari, na usiongeze mzinga wa tatu kwa sababu mjomba fulani amesema hakisikiki. Kitasikika.

Kuhusu kugeuka maji: jirani alitia vipande vidogo vya barafu vya trei. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyogusa kinywaji kwa eneo kubwa na kuyeyuka haraka. Jaza maji yaliyochemshwa na kupoa kwenye mkebe wa lita mbili, gandisha kuanzia jana yake asubuhi, na siku ya sherehe tumbukiza bonge hilo moja. Poza pia kila kitu kabla: juisi, shira, soda, hata jini yenyewe. Jini ya asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani, iache humo usiku kucha. Usiuweke mchanganyiko mzima friza, kwa kuwa ukishafika asilimia 9 utaganda nusunusu, na maji yake ndiyo hutangulia kuganda.

Mpangilio wa siku: saga na chuja nanasi asubuhi, liache litulie nusu saa, utoe povu la juu. Machungwa na ndimu kamua saa mbili kabla ya wageni. Changanya vyote isipokuwa soda. Soda huingia mgeni wa kwanza anapochukua glasi, ukimimina taratibu kando ya beseni, na nusu yake ibaki ya kuongezea baadaye.

Weka na jagi la pili lisilo na jini, lenye alama inayoonekana kwa mbali. Kuna wajawazito, kuna anayetumia dawa ya metronidazoli, kuna asiyetaka tu. Usiwape juisi tupu ya nanasi. Chemsha mchaichai na kijiko cha mezani cha mbegu za dhania zilizopondwa na pilipili manga chache kwenye lita moja ya maji, poza, chuja, na uchanganye na juisi badala ya jini. Mbegu za dhania ni kiungo cha kawaida cha jini yenyewe, kwa hiyo ule ukavu wa ladha unabaki. Watoto wawe na meza yao.

Nililoweka kilo moja ya stroberi za Molo kwenye nusu lita ya jini, nikaweka dirishani ili ipate joto. Baada ya wiki mbili imekuwa ya kahawia, inanuka kama chachu na mfuniko ulitoa hewa. Naweza kuchuja na kutumia?
*Njoro*

Mwaga. Stroberi ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo kilo moja ilileta karibu mililita 900 za maji. Kileo chako kilikuwa mililita 200. Vikishachanganyika, mtungi mzima umeshuka hadi kama asilimia 14, ambayo ni nguvu ya divai, na chachu ya porini iliyo kwenye tunda inaweza kuishi humo. Joto la dirishani likaisaidia, mwanga ukaua wekundu.

Kipimo ni gramu 300 za stroberi kwa nusu lita ya jini. Osha, kausha kabisa, toa vikonyo, kata katikati. Tia kwenye mtungi wa kioo uliochemshwa, jini ifunike kila kipande. Kinachoelea juu ndicho huoza kwanza. Weka kabatini penye giza, upindue mara moja kwa siku. Siku ya tatu vipande vitakuwa vimepauka kama vilivyofuliwa, maana yake vimetoa vilichokuwa nacho. Kuviacha zaidi huleta ladha ya majani. Chuja kwa kitambaa safi bila kukamua, ukikamua itakuwa na ukungu. Hifadhi kwenye friji. Sukari usiitie humo, itie kwenye glasi: mililita 45 za jini hiyo, 20 za ndimu, 15 za shira, barafu, na soda tupu mililita 90 juu.

Nilisaga ndizi, maziwa, jini na ndimu. Yakakatika mabonge. Kwa nini?
*Nyanchwa, Kisii*

Ndimu hugandisha protini ya maziwa, ndivyo ilivyo. Chagua kimoja: ndizi na maziwa bila ndimu (jini hapo haina raha, tunasema ukweli), au ndizi na ndimu kwa tui la nazi badala ya maziwa. Nanasi bichi nalo lina kimeng'enya kinachomeng'enya protini ya maziwa na kuacha uchungu, hata pasipo ndimu. Nanasi lililochemshwa au la kopo halina tabia hiyo.

Je, jini ya bei ya juu hufanya kokteli ya matunda kuwa bora? Na nitajuaje chupa ni halali? Huku kwetu mambo ni mengi.
*Bungoma*

Jini ni spiriti isiyo na ladha iliyopewa harufu kwa junipa (tunda dogo la mti wa jamii ya mtarakwa) na viungo vingine. Kwa glasi yenye embe au nanasi, unahitaji junipa isikike juu ya tunda, na hiyo hupatikana kwenye jini kavu ya kawaida ya bei ya kati. Ya ghali ina manukato laini ambayo embe huyafunika yote. Procera, kwa mfano, hutengenezwa Nairobi kwa tunda la mtarakwa wetu, Juniperus procera, na ni jini ya kunywa na toniki na kipande cha ganda la limau, si ya kuzamisha kwenye pasheni. Jini za rangi ya waridi zenye ladha ya matunda mara nyingi huja na sukari yake, kwa hiyo ukizitumia punguza shira kwa nusu kisha uonje.

Uhalali: nunua kwenye duka lenye leseni, mfuniko ukiwa haujavunjwa, stempu ya ushuru ikiwa nzima, na uipitishe kwenye programu ya simu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kimiminika cha kujazwa kutoka jerikeni usikiguse hata kama mwuzaji ni shemeji. Methanoli haitambuliki kwa ladha wala kwa harufu. Kuwasha kibiriti kuangalia mwali wa buluu hakuthibitishi lolote, kwa kuwa kileo cha kawaida pia huwaka buluu. Aliyekunywa akaanza kuona ukungu, kichwa kikauma sana, akatapika, hata kama ni siku ya pili, apelekwe hospitali mara hiyo. Asingojee hangova iishe. Na kwa swali linaloulizwa sana: sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Sina shaker, na stima hupotea kila jioni. Naweza kununua barafu ya ufuoni? Jini si itaua viini?
*Homa Bay*

Hapana, na hapana. Barafu ya mabonge wanayonunua wachuuzi wa samaki ni ya kupoza samaki. Maji yake na magunia yake hayakukusudiwa mdomoni. Na kokteli yenye asilimia 9 au 10 haiui viini vya kipindupindu wala vya kuhara kwa namna ya kutegemewa. Barafu ni chakula: chemsha maji au yatibu kama ya kunywa, ndipo ugandishe.

Stima ikiwa ya kubahatisha, gandisha vyombo vikubwa badala ya trei, asubuhi stima ikiwapo, kisha vifunge kwa gazeti na blanketi kwenye ndoo yenye mfuniko. Bonge la lita mbili litafika usiku. Livunje ndani ya taulo safi kwa mchi.

Cha kutikisia ni mtungi wa jemu au wa siagi ya karanga wenye mfuniko wa kukaza, wa nusu lita hivi. Uoshe hadi harufu ya karanga iishe. Jini huichukua harufu hiyo haraka kuliko unavyodhani. Kioo chembamba kiepuke, barafu hukipasua. Kichungi cha chai kinatosha.

Mhariri, nataka kutengeneza kokteli ya Singapore Sling lakini likya (pombe tamu) ya cheri sijaiona Nakuru. Kuna mbadala?
*Naka, Nakuru*

Kinywaji hicho asili yake ni hoteli ya Raffles, Singapore, mwanzoni mwa karne ya 20, na kinahusishwa na Ngiam Tong Boon aliyehudumu kwenye baa yake. Mapishi yanayofuatwa na wengi ni jini mililita 30, likya ya cheri 15, Cointreau (likya ya machungwa) 7.5, Bénédictine (likya ya mitishamba) 7.5, juisi ya nanasi 120, ndimu 15, grenadine 10 na tone la Angostura (dondoo chungu ya viungo). Ni chupa tano za kununua kabla hujafika sokoni. Kwa glasi mbili za Jumamosi hatushauri.

Kinachofanya Sling iwe yenyewe ni nanasi lenye povu, tunda jekundu lenye uzito, na harufu ya viungo nyuma yake. Vyote vinapatikana soko la Wakulima. Chemsha gramu 200 za stroberi na gramu 150 za sukari, mililita 100 za maji, karafuu tatu na kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole, moto mdogo dakika 10, chuja. Hiyo ndiyo shira yako nyekundu. Kwa glasi: jini 45, nanasi 90, ndimu 15, shira nyekundu 20, na kipande cha ganda la chungwa kilichokunjwa juu ya glasi ili mafuta yake yaruke. Tikisa kwa nguvu sekunde 15 kamili, kwa kuwa povu la nanasi hutokana na kutikiswa, na nanasi liwe tunda lenyewe: la pakiti hutoa povu hafifu linalokufa haraka. Usiite Sling mbele ya mwenye baa. Nyumbani ite upendavyo.

Grenadine ya asili ni shira ya komamanga. Ya madukani mara nyingi ni sukari na rangi, soma kibandiko kabla ya kulipa.

Nimejaribu Dawa, ile kokteli ya vodka, ndimu na asali, kwa jini badala ya vodka. Asali ya Baringo inaganda chini ya glasi.
*Bahati*

Asali haipendi baridi. Changanya asali na maji ya vuguvugu kiasi sawa, koroga, poza, ndipo uitumie. Jini 50, ndimu 25, asali hiyo 20, juu ya barafu iliyopondwa. Ndimu nusu iliyokatwa vipande iponde kidogo chini ya glasi. Ukiiponda sana tunarudi kwenye uchungu wa msomaji wa Kakamega. Asali nyeusi yenye harufu ya moshi hushinda jini, tafuta ya rangi nyepesi.

Nilitikisa jini, ndimu na Stoney. Mfuniko uliruka.
*Busia*

Na utaruka tena. Chenye gesi hakitikiswi. Tikisa vingine, chuja, soda ifuate kwenye glasi, na uzungushe kijiko mara moja tu. Stoney ina sukari ya kutosha, shira usitie.

Matunda damu tunayo mengi, lakini kokteli yangu inakuwa chungu na inakausha ulimi. Nifanyeje?
*Kitale*

Ganda ndilo linalokausha. Chora alama ya msalaba kwenye kila tunda, litie kwenye maji yanayochemka dakika moja, kisha maji baridi. Ganda litavuka lenyewe. Kata, nyunyizia sukari vijiko viwili vya mezani kwa kila matunda manne, acha nusu saa yatoe maji. Saga kwa muda mfupi kisha chuja mbegu, maana nazo zina uchungu zikisagika.

Rojo lake ni zito na lina harufu inayoelekea nyanya, jambo ambalo wengine hulikimbia. Sisi tungelitumia hivyohivyo. Jini 45, rojo 45, ndimu 10 tu kwa kuwa tunda lenyewe ni chachu, shira ya tangawizi 15, chumvi kidogo. Shira ya tangawizi ni ile ya kawaida ikiwa na gramu 50 za tangawizi iliyoparuzwa, iloweke dakika 20 baada ya kuepua, kisha chuja. Sukari nguru ukiipata inafaa hapa kuliko sukari ya dukani, ladha yake ya miwa inakamata tunda vizuri. Iponde kwanza, na uchuje takataka. Tikisa, chuja mara mbili, na kwenye ukingo wa glasi pitisha ndimu kisha chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, nusu ya ukingo tu, ili asiyetaka apate pa kunywea.